Swali la Kumi na Moja

Dar es Salaam,
9 Februari 1974

Wifi Kokushubila,

Boksi nimelipakia kwenye treni ya Mwanza, na kutoka hapo litakuja kwa meli. Mwambie kaka Philbert alifuate mwenyewe bandarini Bukoba, asimtume mtu. Ndani yake ndimo ulimo mwaka wangu mzima.

Kuna makopo arobaini. Ishirini yana karatasi nyekundu, ishirini karatasi nyeupe. Vidonge vinafanana kwa rangi na ukubwa. Kila mama mjamzito atakayeandikishwa zahanati kwenu Kyabitembe apewe kopo lake kwa kufuata orodha niliyoiweka juu kabisa, na anywe kidonge kimoja kila siku hadi ajifungue. Vile vidonge vya kuongeza damu mnavyoletewa kila mwezi kutoka mkoani, viweke kabatini kwa muda huu. Usimruke mtu kwenye orodha, usimbadilishie mtu kopo, hata kama ni rafiki yako.

Utaniuliza tofauti ya makopo hayo. Zote ni dawa, ila ni za aina mbili, na sisi tunataka kujua ipi inafaa zaidi. Basi.

Kupima damu na kuuliza maswali ya fomu atafanya bwana afya wenu, Bwana Lwakatare. Usichukie. Profesa hataki ndugu wa mtafiti apime. Lakini nimemwambia bila wewe hakuna utafiti, naye ameahidi kwamba kazi ikienda sawa ataandika barua upelekwe mafunzo ya ukunga. Wewe ndiye uliyekuwa ukinisahihishia hesabu darasa la saba, mimi sijasahau.

Tuko saba tunaosomea shahada hii ya pili ya udaktari, na sita ni wanaume. Nikikosea, hawatasema Theopista amekosea. Watasema wanawake.

Wako,
Theopista

*

Zahanati ya Kijiji, Kyabitembe,
S.L.P. Muleba
30 Machi 1974

Wifi yangu Daktari,

Boksi lilifika. Philbert alilala nalo miguuni kwenye lori kama mtu aliyebeba mgonjwa. Tumeshaandikisha wanawake ishirini na sita, na wengine wanakuja hata kabla tumbo halijaonekana, maana habari imeenea kwamba dawa imetoka Dar es Salaam kwa binti wa kijiji cha Kanazi.

Unamkumbuka Ashura, mke wa Omary fundi baiskeli? Wale waliohama mtaa wa Bakoba, Bukoba mjini, kuja kuanza kijiji pamoja nasi. Ndiye namba saba, karatasi nyeupe. Jana kaja zahanati, kasimama mlangoni mbele ya foleni nzima.

"Nesi, mimi dawa yangu haifanyi kazi."

"Umejuaje?"

"Mwenzangu Kokugonza anakunya kama mtu aliyekula mkaa. Mimi niko kama siku zote. Wenye nyekundu wote weusi, wenye nyeupe wote hakuna kitu. Tumeulizana."

"Mnaulizana mambo hayo?"

"Sasa tuulizane bei ya kahawa, kwani inapanda?"

Foleni ilicheka mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Nikamwambia ni dawa za aina mbili. Akasema, "Basi hiyo ya mkaa ndiyo ya wakubwa."

Niambie nimjibu nini, wifi. Je, ni kawaida kwamba wenye nyeupe hawaoni mabadiliko yoyote? Mimi niliwahi kuona vidonge vya mkoani vikileta weusi kama huo wa nyekundu, lakini sikusoma kama wewe.

Mama mkwe anakusalimu. Anauliza kama Dar es Salaam kuna ndizi za kupika au unakula wali tu.

Kokushubila

*

Dar es Salaam,
2 Mei 1974

Wifi,

Usijadiliane nao. Toa vidonge, andika tarehe. Maswali yoyote wao wayaulize siku ya fomu.

Ndizi zipo, hazina ladha.

T.

*

Kyabitembe,
17 Juni 1974

Wifi,

Nimekuelewa. Orodha imetimia, wote arobaini.

Tulikuwa na mkutano wa kijiji Jumamosi. Ajenda zilikuwa kahawa, vyoo na mengineyo. Kwenye vyoo Bwana Lwakatare alikuwa mkali. Nyumba tatu zimeandikwa, na zikifika mwezi ujao bila shimo na mfuniko zitapelekwa barazani. Kwenye mengineyo kulikuwa na jambo dogo la dawa, tukalimaliza kijamaa.

Kazi inaendelea vizuri. Umeshapata jibu la Profesa kuhusu mafunzo?

Kokushubila

*

Dar es Salaam,
11 Januari 1975

Wifi Kokushubila,

Nakuandikia kwa haraka, na ninakuomba unijibu kwa haraka hiyohiyo.

Fomu zote za Bwana Lwakatare zimefika na nimezipiga hesabu mara tatu. Wenye karatasi nyekundu walianza na damu ya gramu saba nukta tisa, wakamaliza na tisa nukta nne. Hilo nililitegemea. Wenye karatasi nyeupe walianza na nane, wakamaliza na tisa nukta tatu. Hilo sikulitegemea hata kidogo. Hakuna tofauti. Nimekaa mbele ya namba hizi kama mtu anayejitazama kwenye kioo akaona sura ya mwingine.

Na kuna swali la kumi na moja. Niliandika mwenyewe, kwa Kiswahili, nikachagua maneno ya adabu ili Bwana Lwakatare asione haya kuwauliza wanawake: *Je, tangu uanze kutumia dawa, choo chako kimebadilika?* Nililiweka ili kujua nani anakunywa vidonge kweli. Wanawake wote arobaini wamejibu hapana. Wote, hata wa nyekundu. Wewe mwenyewe uliniandikia habari ya Ashura na mkaa. Sasa nimwamini nani?

Profesa anasema wanawake wa mashambani hawajitazami, na kwamba damu imepanda kwa wote kwa sababu vijiji vya ujamaa vimeboresha chakula. Anasema matokeo ya namna hiyo yatasomwa kwa furaha. Tasnifu inatakiwa mezani tarehe ishirini na nane Februari. Nikisema nina shaka, nitarudia mwaka, na nafasi yangu ina mtu anayeisubiri.

Niambie ukweli, wifi. Kuna jambo lolote lililokwenda kinyume na orodha?

Theopista

*

Kyabitembe,
3 Februari 1975

Wifi,

Hakuna lililokwenda kinyume. Kila kitu kilifuata orodha.

Damu imepanda kwa sababu ndizi zilizaa sana mwaka jana, na senene walikuwa wengi, kila nyumba ilikaanga.

Habari ya Ashura ilikuwa maneno ya foleni. Unamjua Ashura.

Barua ya mafunzo imefika. Naanza Bukoba mjini mwezi wa nne, miezi sita. Namshukuru Profesa, na wewe pia.

Kokushubila

*

Dar es Salaam,
22 Agosti 1975

Mpendwa wifi,

Nimefaulu. Kati ya saba tumefaulu wanne, na mimi ni wa pili. Waambie Kanazi wasichinje kitu, sina nauli ya kuja kula.

Tasnifu imewekwa maktabani, ina jalada jekundu na jina langu kwa dhahabu. Profesa ameipeleka kwa wakubwa wa afya, nao wameisoma kwa haraka kuliko nilivyotarajia. Kwa kuwa vidonge vya kuongeza damu havikuonyesha faida kwa wajawazito wa kwetu, wameamua kuacha kuvipeleka kwenye zahanati za mkoa wa Ziwa Magharibi. Fedha zake zitanunua sabuni na dawa ya minyoo. Hivyo msivisubiri tena.

Nimepewa kazi ya kufundisha hapahapa chuoni. Najua ningepaswa kufurahi zaidi ya hivi ninavyofurahi. Kuna siku napita maktabani, nakiona kitabu changu rafuni, nageuza uso kama mtu aliyekutana njiani na mtu anayemfahamu, asitake kusalimiana naye.

Theopista

*

Kyabitembe,
14 Novemba 1976

Theopista,

Ashura amekufa.

Nimeona nianze na hilo ili usisome barua hii ukisubiri salamu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mimba yake ya tano. Mtoto alitoka vizuri, wa kiume, analia. Kondo la nyuma lilichelewa na damu ikatoka. Sikiliza, haikuwa damu nyingi. Mimi sasa ni mkunga mwenye cheti, nimeona wanawake waliotokwa na damu zaidi ya ile, na wiki ya pili wako kwenye kibanja wanapalilia migomba. Lakini Ashura hakuwa na damu ya kupoteza. Nilikuwa nimemwona tangu mwezi wa nane. Ukimvuta kope chini, kulikuwa kweupe kama karatasi. Nilimwandikia cheti aende Muleba akapate vidonge, akarudi mikono mitupu. Huko nako hakuna. Aliniambia, "Nesi, wifi yako katufungia kabati, hebu mwandikie afungue." Alikuwa anacheka, lakini amekaa chini, hakuweza kusimama kwenye foleni.

Tulimbeba kwenye kitanda kuelekea hospitali. Watu wanane walipokezana. Hatukufika hata nusu ya njia. Omary alikuwa mbele, akasikia sisi wa nyuma tumeacha kuharakisha, ndipo akajua.

Sasa nitakueleza lile jambo dogo la dawa tulilolimaliza kijamaa.

Kwenye ule mkutano wa Juni, mwaka sabini na nne, ilipofika mengineyo, Ashura alisimama. Tumbo lilikuwa limetangulia mbele. Akasema, "Ndugu Mwenyekiti, mimi nina swali la usawa. Shamba tunalima pamoja. Kahawa tunapima pamoja. Iweje vidonge vya serikali, wengine wapate vya mkaa na wengine wapate vya kupoza koo?" Wanaume wakacheka. Mwenyekiti wetu Rugaibula hakucheka. Alisema katika kijiji hiki hakuna matabaka, na kwamba chochote kinachotoka Dar es Salaam ni mali ya kijiji. Akaniuliza mimi mbele ya watu wote: "Nesi, zote ni dawa?" Nikajibu ndiyo, za aina mbili. Nilijibu ulivyonijibu wewe. "Zikichanganywa zina madhara?" Nikafikiri, kama zote ni dawa, madhara yatoke wapi? Nikasema hapana.

Basi wanawake wote arobaini wakaleta makopo. Vikamwagwa kwenye ungo mmoja mkubwa, vikachanganywa kwa mkono, na kila mtu akapimiwa kwa kikombe, sawa kwa sawa. Hata ulipoleta vingine mwezi wa nane tulifanya vivyo hivyo. Karatasi nyekundu na nyeupe zilibaki kwenye makopo tu. Na nakuambia, baada ya hapo kila mwanamke Kyabitembe alikuwa na choo cheusi, na Ashura alitembea akijisifu kama mtu aliyeshinda kesi.

Kwa nini walimjibu Lwakatare hapana? Wewe mtoto wa Kanazi ndiye unayeuliza. Bwana afya ametoka kuandika nyumba tatu kwa ajili ya shimo na mfuniko. Kesho yake anakuja na fomu, kavaa kofia ileile, anasema, "Choo chako kimebadilika?" Mwanamke gani angesema ndiyo? Mimi nilikuwepo. Kokugonza alimjibu, "Hapana mzee, kiko vilevile, na mfuniko upo, waweza kuja kutazama." Akaandika hapana. Mwingine akasema wanangoja chokaa. Akaandika hapana. Nilitaka kucheka, nikajizuia kwa sababu nilikuwa na hofu. Kitu kilikuwa kinaharibika mbele yangu na sikuwa na jina lake.

Uliponiuliza mwezi wa kwanza, nilidanganya. Barua ya mafunzo ilikuwa ndiyo kwanza imefika, nikaogopa isije ikafutwa. Lwakatare alikuwa amesema atakayeharibu kazi ya serikali atalala ndani. Na nilidhani, kwa kuwa zote ni dawa, namba zako zimekwenda vibaya kidogo tu, utajua cha kufanya, umesoma. Cheti changu na shahada yako vyote vimetoka kwenye ungo uleule.

Lakini tangu Jumanne nimekuwa nikijiuliza jambo moja, na sasa nakuuliza wewe. Kama zote zilikuwa dawa, kwa nini nusu ya wanawake hawakuona weusi? Kulikuwa na nini kwenye kopo la Ashura?

Kokushubila

*

Dar es Salaam,
8 Januari 1977

Kokushubila,

Kulikuwa na sukari. Sukari iliyogandishwa na unga kidogo, ikapakwa rangi ya nje ifanane na nyingine.

Ndivyo inavyofanyika. Nusu hupewa dawa, nusu hupewa kitu kitupu, na watu hawaambiwi, kwa sababu wakiambiwa wanafanya kile ambacho Ashura alifanya. Nilikuandikia kwamba zote ni dawa kwa sababu niliona ni rahisi kuliko kukueleza. Nilifikiri hutaelewa. Nimeiandika sentensi hiyo mara nne katika barua nne nilizochana, na kila mara niliipamba. Nakuachia hii isiyo na pambo. Wewe uliyenisahihishia hesabu, nilifikiri hutaelewa.

Kwa hiyo kila mmoja wenu alikunywa nusu dawa na nusu sukari, na hiyo nusu peke yake ilipandisha damu ya kijiji kizima. Vidonge vilifaa kuliko nilivyothubutu kutumaini. Nami nikaandika kurasa mia moja na kumi kuthibitisha kwamba havifai.

Nimekwenda kwa Profesa na barua yako. Aliisoma amesimama. Alipofika kwenye habari ya ungo alicheka, si kwa ubaya, alicheka kweli. Kisha akasema tasnifu haifutwi kwa barua ya mkunga. Nikamwambia basi nifute mimi. Akasema naweza kurudisha shahada yangu nikitaka, ila haitarudisha kidonge hata kimoja, maana wakubwa hawasomi majuto, wanasoma takwimu. Nilikwenda kwao pia. Niliomba vidonge virudishwe, hata kwa Muleba peke yake. Karani alinifungulia faili na kuniambia kwa upole kwamba dawa isiyofaa hainunuliwi, halafu akanionyesha ni nani aliyethibitisha kwamba haifai.

Imebaki njia moja. Utafiti urudiwe, wote, tangu mwanzo, na safari hii usiharibike. Tofauti ikionekana, vidonge vitarudi kwa mkoa mzima ndani ya mwaka. Nimepewa ruhusa na makopo hamsini. Siwezi kuyaleta kwenu. Yatakwenda kijiji cha ng'ambo ya bonde, ambako mkunga ni msichana anayeitwa Zabibu, ametoka Ijuganyondo. Hakuna karatasi za rangi tena, kuna herufi tu. Ndani ya kila kidonge kitupu tumetia mkaa wa dawa kidogo, ili wote waone weusi. Maswali nimeyaandika upya, na neno choo halimo.

Zabibu atakuja kwako akutake ushauri, kwa kuwa wewe umeshaifanya kazi hii. Mweleze namna ya kutunza orodha. Zaidi ya hapo usimweleze kitu.

Najua ninachokuomba. Wanawake ishirini na tano wa ng'ambo hawatapata chochote. Nimehesabu, na naendelea kuhesabu, wangapi mkoani hawapati chochote hivi sasa kwa sababu yangu. Namba ya pili ni kubwa mno, na bado hainipi usingizi wowote kuhusu ile ya kwanza. Unaweza kukataa. Unaweza kuvuka bonde na kuwaambia wote, nami sitakulaumu, ila vidonge havitarudi.

Sikuombi unisamehe.

Theopista

*

Kyabitembe,
5 Mei 1977

Theopista,

Zabibu alikuja juzi. Ni mdogo, ana miaka ishirini na moja, anaongea haraka. Nilimkaribisha ndani, nikampikia. Nilimweleza jinsi ya kupiga mistari kwenye daftari ili namba zisipandane, na kwamba atie alama mbele ya mtu, asingoje jioni. Aliandika yote.

Halafu akafunga daftari.

"Dada, naomba nikuulize kitu. Wanawake wananiuliza. Kuna M na kuna N. Ipi ndiyo dawa yenyewe?"

"Wamekuambiaje huko juu?"

"Wameniambia nisiulize."

"Sasa mbona unauliza?"

Akacheka, akaweka mkono tumboni. Ndipo nikaona. Nilikuwa nimemtazama usoni muda wote, nikadhani ni unene wa ujana. Akaniambia ana miezi mitano, ni mimba ya kwanza, naye amejiandikisha mwenyewe kwa kufuata orodha, hakujipendelea. Ni namba kumi na nne. Akatoa kopo lake kwenye kikapu, akalifungua, akanipa kidonge nikione.

Nilikiweka kinywani, nikakipasua kwa meno. Vidonge vya mkoani navijua. Ukipita ile sukari ya juu, katikati pana ladha ya msumari. Hiki kilikuwa kitamu mpaka katikati, na mkaa wako ndani yake hauna ladha.

"Unaonaje, dada?"

Nilimvuta kope chini kama anayemchezea. Palikuwa peupe kiasi. Si kama Ashura, lakini miezi minne bado.

Nikamwambia, "Sijui, mdogo wangu. Fuata orodha."

Alinishukuru sana. Alisema amepata nguvu, maana alikuwa anaogopa kazi hii peke yake. Nilimfungia mkungu mdogo wa ndizi, nikamsindikiza hadi barabarani.

Kazi yako itakwenda vizuri safari hii. Zabibu ni mwaminifu na ana mwandiko mzuri. Usiniandikie tena mpaka vidonge vifike.

Anatarajia kujifungua Septemba.

Kokushubila